Mstafeli wa Nyuma ya Bafu

Watu bado wanakuja. Wiki iliyopita tu amekuja mama mmoja mpaka mlangoni kwangu hapa Manundu, Korogwe, amefunga majani kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama haya ndiyo yenyewe. Nikamwambia, mama, hayo ni majani ya mstafeli, ndiyo, ila mimi si mganga, mimi ni mwalimu wa baiolojia. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba fundi hodari hajisifu. Nilitaka kupiga kelele. Nikamkaribisha chai, maana kelele nimeshazipiga sana na hazijawahi kunisaidia.

Kosa ni langu, nitalieleza lilivyo.

Kila mwaka nafundisha ua. Nachora ubaoni kwa chaki za rangi: sepali za kijani chini, petali juu yake, kisha stameni, ambazo ndizo dume, zenye vichwa vilivyojaa vumbi la chavua, na katikati kabisa pistili, ambayo ndiyo jike. Juu yake kuna stigma inayonata, chini yake ovari, ambamo mbegu hukaa. Chavua ikidondokea stigma, tunda linaanza. Wanafunzi wananakili, wanapata maksi zao, tunasonga mbele. Mfano wangu siku zote ni ua la hibiskasi lililoko nje ya ofisi ya walimu, kwa sababu ni kubwa na kila kitu chake kiko wazi kwa wakati mmoja. Miaka kumi na moja nimelichora hilo hilo. Nilidhani maua yote yana tabia hiyo.

Marehemu mama alikuwa akiishi upande wa Handeni, kwenye nyumba ile ile aliyotuzalia. Kule maji ni shughuli; dumu moja lina kazi tatu kabla halijamwagwa. Kwa hiyo alipopewa mche wa mstafeli na ndugu zake wa Mnyuzi, aliupanda nyuma ya bafu, pale maji ya kuoga yanapotokea. "Oga vizuri," alikuwa akinifokea nikiwa mdogo, "mti una kiu!" Ukakua, ukalipita bafu lenyewe, ukatoa maua kila mwaka, manene, ya kijani inayoelekea njano, mengine yakiota moja kwa moja kwenye shina. Kuzaa sasa, hakuna. Maua yanadondoka, mama anafagia. Ukijitahidi sana unatoa kistafeli kimoja kilichopinda, na mama anakitazama na kusema, "Mh. Nawe umezaa."

Kuna jambo jingine la nyumbani kwetu nilitaje mapema. Kwetu dawa haishukuriwi. Ukipewa kikombe cha mizizi, ukipewa hata panado, unakunywa, unarudisha kikombe, unanyamaza. Ukisema ahsante umeifukuza dawa, inaondoka yenyewe na ugonjwa unabaki. Niliwahi kumshukuru bibi kwa dawa ya tumbo, akanipiga kofi la mdomo, kisha akachemsha nyingine upya. Kwa chakula, shukuru mpaka uchoke. Kwa dawa, kimya.

Basi siku moja dada yangu, mkubwa wangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa na mama, alinipigia simu nikiwa kwenye kipindi. "Njoo," akasema. "Mama ana kitu amekificha."

Kilikuwa uvimbe kwenye titi, ukubwa wa korosho. Alikuwa nao tangu Ramadhani, akioga nao, akiswali nao, hajamwambia mtu. Tukampeleka hospitali, vipimo vikachukuliwa, majibu yakarudi. Daktari akatukalisha akasema ni saratani, ila imewahiwa. Akaandika rufaa ya kwenda hospitali kubwa kwa upasuaji. "Mama yangu, usikae na hii karatasi," alimwambia. Mama akasema, "Sawa, mwanangu," akaikunja mara nne, na tulipofika nyumbani akaitia kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga mpya.

Siku tatu baadaye dada akanipigia tena: mama haendi popote. Majirani walikuwa wameshapita.

Nadhani nchi nzima inaijua habari ya stafeli. Linaua saratani, majani yanachemshwa, tunda linaliwa. Imo kwenye simu za watu wote, mtu wa sauti nzito anasoma na muziki wa huzuni nyuma yake. Mama alisikilizishwa. Halafu jirani mmoja akaongeza la kwake: tunda la sokoni limepita mikono mingi, halina nguvu, linalotibu ni lile la mti aliopanda mgonjwa mwenyewe. Na mama alikuwa na mti.

Jumamosi nikapanda pikipiki mpaka Handeni, nimejaa hasira toka Korogwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo? Utafikiri wewe ndiye mgonjwa."

"Mama, akili za kuambiwa changanya na zako. Daktari amesema nini?"

"Nimechanganya. Daktari kasema kisu. Stafeli halina kisu."

Hapo ndipo ulimi wangu ukaniponyoka. Nilimwambia mama yangu mzazi, "Sikio la kufa halisikii dawa!" Dada alishika mdomo. Mama akanitazama, wala hakukasirika. "Sikio langu zima," akasema. "Kinachoniuma ni titi."

Maneno yale nayaonea aibu mpaka leo. Pale pale, badala ya kuomba radhi, nikaongeza. Nikasema mti wenyewe hauzai, sasa utasubiri tunda la mti tasa mpaka lini?

Mama akageuka akautazama mstafeli, kisha akanitazama mimi. "Wewe si ndiye mwalimu wa maua? Miaka yote ile ulikuwa unasoma nini? Uzalishe. Nikilila tunda lake, kesho yake napanda gari nakwenda kwenye kisu chenu."

Mtu mwenye akili angekataa. Angepiga magoti, angelia, angemwita shehe wa msikiti aje amshawishi. Mimi nikasema, "Haya." Nilisema haya kwa sababu nilikuwa nimetaniwa kazi yangu, na kwa sababu, nikiri, nilifurahi kwamba hatimaye kuna kitu ninachoweza kufanya. Miezi sikuihesabu.

Nikachukua unyoya wa kuku, nikaingiza kwenye kila ua lililofunguka, nikakoroga, nikaenda zangu. Jumamosi iliyofuata yote yako chini. Nikarudia. Yote chini tena. Mama ameshika ufagio, ananicheka. "Mwalimu, kazi uliyonipa mpaka sasa ni ya kufagia."

Wiki ya tatu nikakaa kwenye kigoda nyuma ya bafu, nikachuma maua matatu: moja lililoanza tu kuachia, moja la siku ya pili, moja lililo karibu kudondoka. Nikayapasua kwa wembe, nikayapanga kwenye ungo. Miaka kumi na moja nafundisha ua, na hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kupasua la mstafeli.

Halikufanana na mchoro wangu wa ubaoni. Sepali tatu, ndogo. Petali sita, tatu nje, nene kama ganda la ndizi mbichi, na tatu ndani, laini zaidi. Katikati hakuna pistili moja. Kuna kichuguu kizima cha pistili ndogo ndogo zilizobanana, na kukizunguka kuna stameni zimesongamana mpaka huwezi kuingiza sindano. Kwenye ua jipya, stigma zilikuwa zinang'aa kwa unyevu na stameni zimefunga kabisa. Kwenye ua la siku ya pili, stameni zilikuwa zimeachia, zinamwaga chavua mpaka kwenye vidole vyangu, na stigma zote zimekauka, zimekuwa kahawia. Nikaelewa. Ua la mstafeli linaanza likiwa jike. Likija kuwa dume, ujike wake umeshakwisha. Mtopetope nao ndivyo, mlangilangi nao ndivyo, ukoo mzima. Dume na jike wanakaa nyumba moja na hawakutani, mpaka vidudu vidogo vitoe chavua kwenye ua la leo na kuipeleka kwenye ua la kesho. Nyuma ya bafu letu vidudu hivyo havikuwepo, au havikutosha.

Nikawaita mama na dada, nikawaeleza, nikiwaonyesha kwa ncha ya wembe. Mama akasikiliza vizuri, kashika kidevu.

"Kwa hiyo mwanamke anakuwa tayari mapema, mwanamume anaamka kesho yake."

"Ndiyo, mama."

"Na wakati huo mwanamke kashachoka."

"Ndiyo."

"Hilo mbona nalijua bila kusoma."

Dada alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, na mama alicheka huku amejishika ubavu wa titi linalouma. Sikumbuki siku nyingine baada ya hapo tuliyocheka sisi watatu pamoja.

Alasiri ile nikakung'uta chavua kwenye kichupa cha wanja cha dada. Asubuhi ya Jumapili, kabla jua halijapanda, nikachukua brashi yake, nikatafuta maua yaliyoanza tu kuachia, nikazitenga petali kwa kidole, taratibu, nikazipaka stigma chavua ya jana. Maua kumi na manne. Wiki tatu baadaye dada akanipigia: matano hayajadondoka, yameanza kuota vimiba. Wallahi nilipiga ukelele ofisini, walimu wenzangu wakafikiri nimefiwa. Nilifurahi kama vile mama ameshapona.

Jumamosi ile nilifika nimeshazungumza na mtu mwenye gari. "Mama, mti umezaa. Twende."

"Umeshika," akasema. "Haujazaa. Mimi nilisema nikilila."

Ndipo nikahesabu. Stafeli, tangu lishike mpaka liive, ni miezi mitano, hata sita. Nikakaa kwenye ukingo wa bafu. Nikamwambia, mama, miezi yote hiyo ugonjwa hautakusubiri. Akasema ahadi ni ahadi, mimi nimetimiza nusu yangu, naye atatimiza yake. Nikamwomba. Dada akamwomba. Mtu mzima haburutwi kwa kamba kama mbuzi wa mnada. Tulimwacha.

Lililonimaliza nililisikia siku hiyo hiyo, nikiwa jikoni. Jirani alikuwa anamuuliza mama kama kweli stafeli lina faida. Mama akajibu, na sauti yake ilikuwa na fahari, "Mwanangu ni mwalimu wa sayansi. Unamwona anavyohangaika na huo mti? Ingekuwa si dawa, angehangaika?"

Nikatoka mbio. "Mama, mimi sijasema hata siku moja kwamba hii ni dawa!"

"Hujasema," akajibu. "Umetenda."

Basi habari ikatembea. Kila nilipokwenda nilikuta mti umepungua majani. Wanakuja na mifuko, wanavunja matawi. Nikawafokea. Nikawaambia jamani, hili ni tunda, ni chakula, mwenye uvimbe aende hospitali! Wakanitazama kwa huruma. Mzee mmoja akanishika bega: "Mwalimu, usitunyime. Mungu hapendi."

Mama alikunywa majani yake asubuhi na jioni. Dada ndiye aliyemchemshia, kwa machozi, kwa sababu asipochemsha yeye atachemsha jirani. Mama anakunywa, anarudisha kikombe, kimya. Kile kimya chake kilinichoma. Kila mara nilitamani aseme ahsante, aseme tu, dawa yao ikimbie, twende zetu hospitali.

Korosho ikawa ndimu. Ndimu ikapasuka. Akaanza kukaa na kitambaa ndani ya gauni, na kuchoma udi mchana. Nikaamua kudanganya. Nilinunua stafeli zuri sokoni hapa Manundu, limeiva, linanukia, nikalifunga kwenye gazeti mpaka Handeni, nikamwambia mama, moja limewahi kuiva. Akalipokea, akalinusa. Halafu akainuka, taratibu, akishika ukuta, akaenda nyuma ya bafu. Nilimsikia akihesabu kwa sauti. Akarudi.

"Yako matano," akasema. "Mwalimu mzima, muongo."

Alilila hata hivyo, na dada, kwa mkono, mbegu akizitemea kwenye ungo. Alipomaliza akajifuta. "Ahsante, mwanangu. Tamu sana." Lilikuwa chakula tu.

Mawili yakadondoka kwa upepo. Moja likaoza kutoka ndani. Moja sijui lilikwenda wapi, na sitaki kumsingizia mtu. Likabaki moja, chini kwenye shina, limejibanza upande wa ukuta.

Katikati ya miezi hiyo alikuja baba mmoja kwangu Manundu, katokea Mkumbara. Alikuwa amevaa koti siku ya jua kali, kwa heshima ya safari. Mke wake alikuwa na uvimbe. Alisema amesikia kuna mwalimu anajua kuzalisha mstafeli, na wao wana mti unaopukutisha maua, tafadhali aende akautazame. Nikamkalisha. Nikamweleza yote, polepole, bila hasira, kama ninavyomweleza mwanafunzi mgumu: kwamba kushikisha ua ni jambo moja na kutibu mtu ni jambo jingine kabisa, kwamba ninalolijua mimi ni la mti tu. Nikamsihi ampeleke mkewe hospitali kesho, asingoje keshokutwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Lakini mwalimu, mama yako ulimfanyia."

Nikamletea maji. Alinishukuru kwa maji ya kunywa, akaondoka kufuata gari lake.

Siku ambayo mama alishindwa kuinuka kwenda kuswali, hakutupinga tena. Tulimpakia kwenye gari dada kamshika kichwa, naye aliuliza neno moja tu, "Mti je?" Dada akamwambia upo. Kule hospitali kubwa, daktari, kijana, aliifungua ile karatasi ya rufaa, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Akasoma tarehe. Akaisoma tena. Akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wake, na nafanya kazi gani.

"Mwalimu."

"Wa somo gani?"

"Baiolojia."

Aliandika, akaandika, kisha akatuambia kwamba upasuaji hautasaidia tena, watamtuliza maumivu. Kisu alichokiogopa mama hakikumgusa. Nilitoka nje nikalia mbele za watu wote, mwanamume mzima, na sikujali.

Dada akabaki naye wodini, mimi nikarudi Handeni kuchukua nguo. Sikukusudia kwenda nyuma ya bafu. Nilikwenda. Lile stafeli moja lilikuwa limepauka, limelainika, na nilipoligusa liliachia lenyewe likanikalia mkononi. Lilikuwa limepinda. Upande mmoja umejaa vizuri, upande wa ukutani umesinyaa. Kila kimwiba juu ya stafeli kilikuwa pistili moja. Zile zilizopata chavua zimenona, zile ambazo brashi yangu haikuzifikia zimebaki vile vile. Niliona kwa macho yangu pale mkono wangu ulipopita na pale uliporuka.

Nililipeleka. Nililibeba kwenye mapaja safari nzima, kama yai. Nilipoingia wodini mama alikuwa macho, amekonda, uso umebaki macho tu. Akalitambua kabla sijasema.

"La nyuma ya bafu."

"Ndiyo, mama. Safari hii kweli."

"Naliona. Limepinda."

Dada akalipasua, akatoa mbegu moja moja, akatia nyama yake kwenye bakuli. Mimi ndiye niliyemlisha. Kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tatu alikaa nacho mdomoni muda mrefu kabla hajameza. Kisha akausukuma mkono wangu, taratibu, kwamba yatosha.

Nikangoja akae kimya. Miezi yote nilikichukia kile kimya, nilikilaani kila kikombe kiliporudi. Lakini siku ile nilikitaka. Nilikaa pale na kijiko changu nikimwomba Mungu mama yangu anyamaze, arudishe bakuli kama anavyorudisha siku zote, aniangalie kama mtu aliyekunywa dawa yake na sasa anaingoja ifanye kazi.

Alijifuta mdomo kwa pindo la kanga. Akanishika kiganja.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Tamu."

Dada akainuka akatoka nje. Mimi nikabaki nimeshika bakuli, sijui niliweke wapi.